SPRINGI IKIKATIKA NJIA YA KIUNGA, NANI ALIPE?

Ndugu wanachama, madereva, mataniboi na mafundi, na nyinyi wenzetu wa bandarini na mashambani,

Mwezi huu hatuanzi na salamu ndefu. Twaanza na karatasi moja. Karatasi hiyo ni hesabu ya mshahara wa dereva mwenzetu wa Hindi. Mbele ya neno "makato" imeandikwa shilingi 6,000, na chini yake: "springi na klachi, safari ya Kiunga." Mwezi wa kwanza 6,000, mwezi wa pili 6,000, na mwezi wa tatu vile vile. Hatutaji jina la mwenzetu, maana ana watoto na kazi bado anaihitaji. Wala hatutaji jina la mwajiri wake, maana shauri halijakwisha. Lakini jambo lenyewe tutalitaja, tena kwa sauti, kwa sababu si la mtu mmoja. Kila dereva wa pikapu katika bara ya Lamu, kama halijamfika basi linamngoja.

Habari yenyewe ni hii. Masika yalikuwa yamekwisha anza. Mwenzetu aliambiwa apakie simenti mifuko 30 aipeleke Kiunga. Kila mfuko ni kilo 50. Mtoto wa darasa la nne atakuambia kwamba hiyo ni tani moja na nusu. Pikapu yenyewe imetengenezwa kubeba kama tani moja. Juu ya simenti likatiwa pipa la dizeli, na juu ya pipa wakapanda watu watatu. Gari ni kama lilivyotoka kiwandani, halikuongezwa hata msumari: tairi za lami, springi za kawaida, hakuna winchi, hakuna pampu ya upepo. Mwenzetu aliomba pampu na beleshi. Akajibiwa, "Wewe ni dereva ama ni mwanafunzi? Hili ni fowili, litapita."

Lilipita. Lilikwama mchangani mara tatu na katika udongo mweusi mara moja. Yeye na taniboi wake walilala ndani ya gari usiku mara mbili, katika sehemu ambayo sote twaijua ilivyo. Simenti ilifika, na risiti ikatiwa sahihi. Siku ya nne gari lilirudi Hindi, bamba kubwa la springi ya nyuma limekatika na klachi inanuka moshi. Mwajiri alilizunguka gari mara moja, akawasha simu yake akapiga picha, akasema, "Utalipa." Hakuuliza hata kama wale wawili walikuwa wamekula.

Njia tunayoisema

Kuna wakubwa wanaoijua Lamu kwa ndege tu. Wakishuka Manda huvuka maji hadi mjini, huona punda na vichochoro, na wakirudi Nairobi husema Lamu haina shida ya magari. Kisiwani ni kweli, mzigo hubebwa na punda na hamali. Lakini sisi kazi yetu iko ng'ambo: Mokowe, Hindi, Witu, Mpeketoni, na kutoka hapo kaskazini kupita Bargoni na Bodhei, kwenda vijiji vya Waboni vya Basuba, Milimani, Mangai na Mararani, mpaka Kiunga karibu na mpaka wa Somalia.

Ni kweli barabara ya Garsen hadi Lamu imewekwa lami, na tunashukuru. Hata hiyo, mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata, magari yakapanga foleni na watu wakavuka kwa mashua mahali walipozoea kupita kwa basi. Ni kweli bandari mpya ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na ujenzi wa barabara za LAPSSET umeleta matingatinga bara. Lakini lami haifiki kila kijiji. Mahali inapokoma ndipo kazi yetu inapoanza, na hapo chini ya tairi kuna mambo matatu: mchanga, mawe ya matumbawe, na udongo mweusi ambao kiangazi ni mgumu kama saruji na masika hunata kama ulimbo.

Mtu atasema, kwa nini mzigo usiende kwa bahari? Huenda, lakini si siku zote. Kusi ikishika, bahari ya nje huchafuka, na nahodha mwenye akili hungoja. Na masika huangukia hapo hapo, mwanzoni mwa kusi. Basi wakati ambao bahari imefunga mlango ndio wakati ambao njia ya bara imegeuka ziwa, na ndio wakati ambao wenye mizigo husema, "Mwite dereva." Mzigo ukikataliwa na bahari hutupwa mabegani mwetu.

Na kuna hatari nyingine ambayo hatutaki kuipamba. Mpeketoni iliuawa watu zaidi ya 60 Juni 2014. Septemba 2015 Serikali ilianza operesheni katika msitu wa Boni. Mwaka 2017 mabomu yaliyofukiwa njiani yaliwaua askari na raia sehemu hizi. Tarehe 2 Januari 2020 basi lilishambuliwa kwa risasi karibu na Nyongoro. Katika nchi nyingine, gari likikwama ni taabu ya jasho tu. Huku kwetu, kukwama ni kukaa mahali pamoja usiku kucha pasipo mtu wa kukusaidia. Kwa hiyo pampu ya upepo, ambayo mwajiri huiona kama anasa, kwetu ni kitu cha kurudisha mtu nyumbani.

Kisa cha klachi na pampu

Sasa tueleze namna klachi inavyoungua, ili asiwepo mtu wa kutuambia ni "uendeshaji mbaya".

Tairi ya pikapu kwenye lami hutiwa upepo wa ratili 35 au zaidi. Ikiwa ngumu hivyo hugusa mchanga kwa sehemu ndogo, nayo huuchimba kama jembe. Dereva anayejua kazi, akifika mchangani, huteremsha upepo hadi ratili kama 18 au 20. Tairi hutanda, hukanyaga mchanga kama mguu wa ngamia, na gari hupita. Huingia na gea nzito tangu nje, habadilishi gea katikati, hakanyagi breki kwa ghafula, na akiona magurudumu yazunguka bure huacha mafuta mara moja, hurudi nyuma juu ya alama zake. Hakuna uchawi hapo. Kwa kufanya hivyo, pikapu ya kawaida hupita mahali ambapo gari la fahari lenye tairi kubwa lakini dereva mjinga litazama.

Lakini ukitoa upepo ni lazima uurudishe. Tairi laini ikikimbizwa kwenye njia ngumu huchemka, hupasuka, na huua. Asiye na pampu hathubutu kutoa upepo. Asiyetoa upepo ataingia mchangani na tairi ngumu. Tairi ngumu itachimba. Gari likichimba, dereva atalazimika kulisukuma kwa mafuta na klachi. Klachi ikisukumwa hivyo huungua. Haya, tuulize: ni nani aliyeichoma klachi ile? Ni mguu wa dereva, ama ni mkono uliokataa kununua pampu?

Na springi? Bamba la chuma lililopimwa kwa tani moja, likatwishwa tani moja na nusu, na pipa, na watu watatu, likapigwa mashimoni kwa siku tatu, lisikatike kwa nini? Chuma nacho kina haki zake. Tofauti ni kwamba chuma kikichoka hukatika mara moja, na mwanadamu hukatwa mshahara kidogo kidogo.

Na neno hili "fowili" lisitutie kiwi. Gari la kawaida la magurudumu manne, lisilofungwa difu, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa mshiko, yale mengine mawili hukaa kimya. Tena kuna pikapu nyingi barabarani ambazo hata fowili si fowili: huvuta magurudumu ya nyuma tu, na mwajiri hulituma vile vile kwa kuwa umbo lake ni kama la jirani yake.

Majibu kwa wenye magari

Jibu lao la kwanza ni, "Mbona fulani alipita?" Ndiyo, alipita. Alipita Februari, njia kavu, na mzigo nusu. Huwezi kumpima mtu wa Mei kwa safari ya Februari. Nahodha akiambiwa, "Mbona mwenzako alivuka wakati wa kaskazi?" atacheka tu. Na kwa desturi zetu za bahari, mlingoti ukivunjika kwa tufani katika safari aliyoiamuru mwenye chombo, si haki nahodha auze nguo zake aununue mwingine. Wazee walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Wenye magari wanataka chombo kiende bila nyenzo, na kikikwama nyenzo iwe ni mshahara wetu.

La pili, huleta mashindano ya magari. Husema, "Safari Rally ilianza kwa magari ya dukani tu, na yalipita matope ya Afrika Mashariki nzima." Ni kweli mashindano yale yalianza mwaka 1953 kwa magari ya kawaida. Basi na tusome hesabu zake zote. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7. Hao walikuwa madereva hodari wa dunia. Mwaka 1963 magari 77 hayakufika, na mwaka 1968 magari 86. Nani amesikia dereva mmoja katika hao aliambiwa, "Springi utailipa kwa 6,000 kila mwezi"? Waliomaliza walipewa vikombe na waliokwama walipewa pole. Sisi tukifika hatupewi kikombe, na tukikwama twapewa bili.

La tatu, husema, "Gari liko mkononi mwako, kwa hiyo liko juu yako." Hapo twawaomba waifungue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibiwa kwa makusudi au uzembe wa makusudi wa mfanya kazi. Haisemi mali iliyoharibika kazini tu. Dereva aliyetumwa na mzigo wa kupita kiasi, baada ya kuomba vifaa akanyimwa, akaufikisha mzigo na kulirudisha gari, makusudi yake yako wapi? Kama kuna makusudi katika safari ile, yalikuwa kwenye mizani, wakati wa kupakia mfuko wa 21 na kuendelea.

Tena kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kifungu cha 14 kinamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na mpaka hatari hiyo itengenezwe, mwajiri haruhusiwi kumlazimisha kurudi mahali hapo. Na Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, inasema kwamba kumshitaki mwajiri kwa shauri la haki si sababu halali ya kufukuzwa kazi. Na sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inamtaka mwajiri awakatie wafanya kazi wake bima. Taniboi ni mfanya kazi pia. Yeye si tairi ya akiba.

Sasa tujiseme wenyewe

Ndugu, bulletini isiyosema makosa ya wanachama wake ni kijikaratasi cha kufungia samaki. Basi tusikilizane.

Nani aliyewafundisha wenye magari kwamba pikapu tupu hupita kila mahali? Ni sisi. Jioni pale Mokowe, chai mkononi, mmoja husema, "Mimi nilipita Mangai na tairi kipara." Wa pili husema, "Mimi nilipita na tani mbili." Wa tatu husema hakuwa na breki. Na mwenye gari ameketi meza ya pili, anasikiliza, anatabasamu. Kesho yake, dereva wa nne akiomba beleshi, huambiwa, "Wenzako hawaombi." Kikulacho ki nguoni mwako. Sifa yetu imegeuka kamba shingoni mwa mwenzetu.

Na lipo baya zaidi. Mwenzetu wa Hindi alipokatwa mara ya kwanza, tulikuwapo tuliosema, "Labda hajui kuendesha." Twasema hivyo ili tujione sisi twajua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mwezi wa tatu wa makato alikuja dereva mwingine na karatasi kama ile ile, safari nyingine, kioo cha mbele. Huyo ndiye aliyekuwa amecheka zaidi.

Ustadi si haya. Mtu anayejua kulivusha gari la kawaida mahali pagumu ana elimu yake, na tunaiheshimu: kutembea majini kwa mguu kabla ya gari, kukataa maji yanayozidi nusu ya gurudumu mpaka ayapime, maana injini ikinywa maji huvunjika kiungo, kuondoa nyasi kavu chini ya gari kabla hazijashika moto kwa bomba la moshi, kuweka ubao chini ya jeki ili isizame. Lakini elimu kubwa kuliko zote ni kujua kusema, "Leo hapapitiki." Dereva anayesema hivyo si mwoga. Ameliokoa gari la mwajiri, na mara nyingine ameokoa roho.

Tunayodai

Hatudai magari ya ajabu. Hatudai gari liinuliwe, wala pua ya kupumulia juu ya paa, wala taa kumi. Pikapu ya kawaida yatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii ikitumwa kwa akili. Twadai haya tu:

1. Kila gari linalotoka lami liwe na pampu ya upepo, kipimo cha tairi, beleshi, mbao mbili, kamba imara ya kuvutia, na tairi ya akiba iliyo nzima.

2. Mzigo usizidi kipimo cha gari, na dereva awe na haki ya kuushusha unaozidi kabla ya kuondoka.

3. Masika, na katika kila njia yenye hatari, magari yaende mawili, na yaondoke kwa wakati wa kufika kabla ya giza na kwa kufuata maagizo ya usalama.

4. Gari likaguliwe na dereva na mwajiri pamoja kabla ya safari na baada yake, na wote wawili watie sahihi.

5. Hakuna makato ya springi, klachi, tairi wala kioo mpaka shauri lisikizwe, na mwakilishi wa chama awepo.

6. Usiku wa kulala njiani uhesabiwe kuwa kazi, kwa dereva na kwa taniboi sawasawa.

7. Mwenzetu wa Hindi arudishiwe shilingi 18,000 zake.

Mwenye gari atakayetuambia haya ni gharama kubwa, na aweke bei ya pampu moja na beleshi moja kando ya bei ya klachi mpya. Atajionea mwenyewe. Twamtaka aache ubahili ule unaomtia yeye hasara na sisi njaa.

Tutakalofanya

Kuanzia sasa kila dereva awe na daftari. Andika tarehe, mzigo, hali ya tairi, vifaa ulivyoomba na jibu ulilopewa. Ukiweza, omba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na usiufute. Mbele ya afisa wa kazi au hakimu, neno la mdomo huruka, karatasi hukaa. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake, wala asione haya. Na ukiona makato usiyoyaelewa, usitie sahihi ya kukubali. Njoo ofisini na karatasi yako siku hiyo hiyo.

Kumbukeni Mombasa, Januari 1947. Watu wa bandari, wa reli na wa majumbani walisimama pamoja, maelfu, wakati ambapo hakukuwa na kifungu cha 19 wala cha 46. Waliambiwa na wao kwamba wavivu ni wengi na kazi ni chache. Lakini walisimama, likaundwa baraza la Jaji Thacker kusikiliza mashauri yao, na mishahara ikaongezwa. Wao hawakuwa na sheria, walikuwa na umoja. Sisi tuna sheria kabatini. Je, umoja tunao?

Jambo hili litajulikana masika yajayo, pale Hindi, alfajiri, mwenye gari atakapopakia mfuko wa 21. Dereva wa kwanza akisema "La," na wa pili akiitwa achukue ufunguo naye akasema "La," na wa tatu vile vile, siku hiyo pampu itanunuliwa kabla ya adhuhuri. Lakini wa pili akisema, "Nipe mimi, nitapita," basi tusimlaumu mwenye gari peke yake.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Ni sisi wenzenu,
Kamati ya Madereva na Mataniboi, Bara ya Lamu